Mshairi Aliyejihesabu Amepotea

Katika kitabu cha Tenzi za Rohoni, ambacho Wakristo wa Tanzania na Kenya wamekiimba kwa vizazi kadhaa, umo wimbo unaosimulia chemchemi ya damu ya Imanweli na wakosefu wanaosafishwa ndani yake. Waimbaji huuimba kwa furaha, na wengi wao hawana haja ya kujua ni nani aliyeutunga. Aliyeutunga kwa Kiingereza ni William Cowper, mmoja wa washairi waliosomwa sana Uingereza katika karne ya 18. Naye, baada ya kuutunga, aliishi miaka 27 ya mwisho ya maisha yake akiamini kuwa chemchemi ile ni ya kila mtu isipokuwa yeye.

Swali alilokuwa nalo ni kongwe katika Ukristo, na halijapata kufungwa. Je, mtu aliyekwisha kuokoka aweza kuupoteza wokovu wake? Wafuasi wa Calvin, waliokutana katika sinodi ya Dordrecht mwaka 1618 na 1619, walijibu kuwa hawezi. Aliyeteuliwa na Mungu hudumu hadi mwisho, hata akijikwaa. Waliegemea maneno ya Kristo katika Injili ya Yohana, sura ya 10, kuhusu kondoo ambao hakuna awezaye kuwapokonya mkononi mwa mchungaji. John Wesley, katika andiko lake la mwaka 1751, akajibu kuwa aweza. Naye aliegemea onyo zito la Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, juu ya walioonja kipaji cha mbinguni kisha wakaanguka. Wakatoliki walikwisha kuamua katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, kuwa neema hupotea kwa dhambi ya mauti na hurudishwa kwa toba na kitubio. Hapa kwetu nako, tangu ule uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, neno "kuokoka" limetembea bega kwa bega na neno "kurudi nyuma", na wanaojadiliana juu ya maneno hayo mawili hawajaisha.

Wanazuoni waliweza kulijadili swali hilo mezani, kitabu juu ya kitabu. Cowper alilikuta kitandani mwake, usiku.

Alizaliwa Berkhamsted mwaka 1731, mtoto wa kasisi. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka sita, na pigo lile halikumtoka maishani. Zaidi ya nusu karne baadaye, alipotumiwa picha ya mama yake, aliiandikia shairi ambalo hata leo huhesabiwa miongoni mwa bora zake. Alisomeshwa sheria London, lakini moyo wake haukuwa mahakamani. Mwaka 1763 jamaa yake mwenye cheo alimtafutia kazi ya ukarani katika Bunge la Makabaila. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa mmoja: sharti asimame hadharani mbele ya mabwana wale aulizwe maswali. Siku ilivyokaribia, hofu ikamzidi, akili ikavurugika, akajaribu kujitoa uhai. Akapelekwa St Albans, katika nyumba ya wagonjwa wa akili iliyokuwa chini ya Nathaniel Cotton, tabibu ambaye naye alikuwa mshairi.

Huko ndiko alikookoka. Siku moja ya mwaka 1764 alifungua Biblia akakuta Warumi 3:25, aya inayosema kuwa Mungu alimweka Kristo awe upatanisho kwa damu yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, nuru ilimwingia ghafla na machozi ya furaha yakamziba koo. Alitoka katika nyumba ile mtu mwingine. Akahamia Huntingdon, akakaribishwa na familia ya kasisi Morley Unwin. Na kasisi huyo alipofariki mwaka 1767 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, Cowper na mjane wake, Mary Unwin, walihamia mji mdogo wa Olney, kando ya mto Ouse, ili wawe karibu na mhubiri aitwaye John Newton.

Hapa yafaa kumtambulisha Newton, kwa kuwa bila yeye kisa hiki kina upande mmoja. Newton alikuwa mtu wa bahari. Mwezi Machi 1748, akiwa baharia kijana mwenye ulimi mchafu na asiyemcha Mungu, chombo alichopanda kilipigwa na tufani katika Atlantiki ya kaskazini hadi mbao zikaachana. Alipiga pampu, akashika usukani, akaomba. Chombo kilifika. Tarehe 21 ya mwezi ule aliiadhimisha kila mwaka hadi uzeeni kuwa siku ambayo Mungu alimtoa kwenye kina cha maji. Sasa alikuwa kasisi wa mji maskini wa wafuma lesi, na alimwomba rafiki yake mshairi amsaidie kutunga nyimbo za mikutano ya sala. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1779: nyimbo 348, na katika hizo zaidi ya 60 ni za Cowper. Wimbo wa chemchemi ya damu umo.

Lakini kitabu kilipotoka, Cowper alikwisha kuacha kuomba.

Mwanzoni mwa mwaka 1773 maradhi ya akili yalirudi. Ni ajabu ya tarehe kwamba wimbo wa Newton uliokuja kujulikana kuliko nyimbo zote za Kiingereza juu ya neema, ule uitwao "Amazing Grace", ulitumika Olney mara ya kwanza tarehe 1 Januari ya mwaka uohuo. Wiki chache baadaye, usingizini, Cowper alisikia neno lililomwambia kuwa yake yamekwisha, ameangamia. Hakuliona kuwa ndoto. Aliliona kuwa hukumu iliyosomwa. Baadaye mwaka huohuo akasadiki kuwa Mungu alimtaka ajitoe roho yake kama sadaka, mfano wa Ibrahimu na mwanawe; akajaribu, akazuiwa. Basi kwa hesabu yake kosa likawa hilo: ameamriwa, ameshindwa kutii, ametupwa. Tangu hapo hakuingia tena kanisani kusali. Husimuliwa kuwa mezani, wenzake waliposimama kuomba baraka ya chakula, yeye alikuwa ameketi, kisu na uma mkononi, ili ijulikane kuwa sala ile haina fungu lake.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni hili. Cowper alikuwa mfuasi wa Calvin. Imani yake ilisema kuwa mteule hapotei kamwe. Katika imani hiyo, mtu akianguka asiinuke, husemwa kuwa hakuwa ameokoka tangu mwanzo. Cowper hakujitetea hata kwa hilo. Hakuikana furaha ya St Albans. Alishikilia kuwa alipokewa kweli, kisha akakataliwa kweli. Wala hakuyatupa mafundisho. Aliendelea kuamini kuwa ahadi ni ya kweli kwa waumini wote duniani, akajitoa yeye mmoja. Akawa ndiye mtu pekee aliyeupoteza wokovu katika dini isiyokubali kuwa wokovu hupotea.

Waliomzunguka hawakukosa hoja. Mafundisho yenyewe ya wafuasi wa Calvin yalikuwa na mlango kwa watu wa namna yake. Sinodi ya Dordrecht ilikiri kuwa waumini hupambana na mashaka na si wakati wote huhisi hakika kamili. Na Ungamo la Westminster, lililoandikwa Uingereza katika miaka ya 1640, lilitenga sura nzima kuonyesha kuwa wokovu ni jambo moja, na kuujua wokovu ni jambo la pili. Mtu aweza kuwa ndani ya nyumba huku taa imezimika. Lakini hoja ni dawa ya anayeweza kumeza. Hata mlango wa Wesley, kwamba aliyeanguka aweza kutubu akarudi, usingalimfaa. Maana kwake toba yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku. Aliyemkataza, aliamini, ni Yule ambaye wengine walimkimbilia.

Wasomaji wa leo, wakiwemo madaktari, huona katika habari hii sonona kali, maradhi yaliyompiga mara nne kwa uzito: mwaka 1763, 1773, 1787 na 1794. Kauli hiyo ina haki yake, na yafaa isemwe wazi makanisani, ambako hata sasa mgonjwa wa aina hii huweza kuambiwa kuwa imani yake ni haba. Hata hivyo kuutaja ugonjwa hakulimalizi swali, bali kunalinoa. Ikiwa wokovu hutegemea mtu aushike kwa fahamu zake, basi homa ya ubongo, uzee wa kusahau, au huzuni isiyo na sababu vyaweza kumnyang'anya muumini kile alichokesha akikiomba. Na kama haviwezi, basi lazima kiwe kimeshikwa na mkono usiokuwa wake.

Newton hakukubali hata siku moja kuwa rafiki yake amepotea. Zaidi ya kuhoji, alitenda. Mwezi Aprili 1773 Cowper aliingia nyumbani kwa Newton akakataa kuondoka. Akakaa zaidi ya mwaka mmoja. Newton na mkewe wakamvumilia, na Mary Unwin akamuuguza usiku na mchana. Kidogo kidogo mgonjwa akarudi kwenye kazi za mikono: bustani, useremala, kuchora. Mwaka 1774 akapewa sungura wa porini, na watatu kati yao, Puss, Tiney na Bess, akawafuga ndani ya nyumba. Puss alipougua, Cowper alimlisha na kumpeleka penye majani na jua hadi akapona, na sungura yule akamlamba mkono wote, kidole kwa kidole, kama atoaye shukrani. Cowper aliyaandika hayo kwa gazeti la London mwaka 1784, kwa furaha ya mtoto. Mtu aliyeamini kuwa hana thamani mbele ya mbingu alikuwa akithaminiwa na mnyama ambaye kwa kawaida hukimbia kivuli.

Kisha mashairi yakaja kama mvua za masika. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1782, na mwaka 1785 likatoka lile shairi refu, "The Task", lililompa jina. Mwaka 1791 alichapisha tafsiri yake ya Homer. Alisema mara nyingi katika barua zake kuwa alitunga ili asizame. Shairi lilikuwa gogo la kushikilia.

Katika miaka hiyo ndipo linapotokea jambo ambalo msomaji wa Unguja hawezi kulipita. Newton, baada ya kuokoka kwake mwaka 1748, alirudi baharini. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa vyombo vilivyochukua watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Alisali juu ya sitaha. Chini ya sitaha watu walilala minyororoni. Hakuiacha kazi ile kwa kusutwa; aliiacha mwaka 1754 kwa maradhi, na ilimchukua zaidi ya miaka 30 hadi alipoandika hadharani, mwaka 1788, kuikiri na kuilaani. Mwenyewe alikiri pia kuwa kwa muda mrefu baada ya tufani ile hakuwa muumini kwa maana kamili ya neno. Mwaka uohuo wa 1788 Cowper naye aliandika mashairi dhidi ya biashara ya watumwa, moja kwa sauti ya Mwafrika anayewauliza Waingereza haki yao ya kumnunua ni ipi. Wapinga utumwa walilichapisha na kulisambaza. Na kabla ya hapo, katika "The Task", alikwisha kuulaani utumwa waziwazi.

Vyombo vya Newton havikufika pwani yetu. Lakini mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Mkunazini likajengwa mahali pale, unaelewa vyema uzito wa habari hizi mbili zikiwekwa pamoja. Nahodha mwenye uhakika wa wokovu alikuwa akiuza watu. Mshairi mwenye uhakika wa kuangamia alikuwa akiwatetea. Yeyote anayeupima wokovu kwa uhakika alionao mtu moyoni ana budi kuwatazama wawili hawa kwanza.

Huenda hapa ndipo lilipo jibu ambalo mabishano ya Calvin na Wesley huliacha nyuma. Maandiko yana maonyo na yana ahadi, na kila upande huchukua fungu moja ukalifanya fimbo ya kulipigia jingine. Wangekumbuka kuwa yaliandikwa kwa watu walio katika hali mbalimbali, wangeona kuwa onyo la Waebrania lilimfaa Newton wa mwaka 1750, aliyelala usingizi mzuri juu ya vilio vya wenzake. Huyo alihitaji kuambiwa kuwa mtu aweza kuanguka, na kwamba kuikumbuka tufani ya zamani si kinga. Ahadi ya Yohana ilimfaa Cowper wa mwaka 1773, aliyetetemeka kwa kila neno. Msiba wake ni kuwa alilichukua fungu lisilo lake. Alikunywa dawa iliyoandikiwa mgonjwa mwingine, na ikamwia sumu.

Mary Unwin alipooza, na kwa miaka kadhaa Cowper akamuuguza yule aliyemuuguza. Mary alifariki Desemba 1796, nao tayari walikuwa wamehamishiwa Norfolk. Mwezi Machi 1799 Cowper alitunga shairi lake la mwisho kwa Kiingereza, "The Castaway". Habari yake aliipata katika kitabu cha safari ya Kommodori George Anson, kilichochapishwa mwaka 1748. Katika tufani karibu na Rasi ya Horn, baharia mmoja alitupwa majini. Wenzake walimwona akiogelea kwa nguvu, lakini upepo ulikuwa mkali mno na hawakuweza kukigeuza chombo.

Watu wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Ni nani asiyejua jina la mtu aliyekwenda na chombo asirudi? Cowper, ambaye hakuwa mtu wa bahari, alikiandika kama aliyekuwa ndani ya maji yale: wenzake wanamtupia pipa, wanamtupia kamba, naye hawalaumu kwa kukimbia na upepo, kwani anajua kukimbia ndiko kuponea kwao, kinachomuumiza ni kufa peke yake huku rafiki zake wako karibu. Ndipo mwishoni anapojigeukia mwenyewe na kusema kuwa yeye amezama katika kina kibaya zaidi, pasipo sauti kutoka juu ya kuituliza dhoruba. Hakuna shairi la Kiingereza la wakati ule lililokata tamaa kwa utulivu kiasi hicho. Mizani haiyumbi, vina haviteleki.

Likisomwa kando ya kisa cha Newton, shairi hilo linaonyesha alichokuwa akikiona na asichokiona. Wote wawili walikuwa katika tufani. Newton alikuwa juu ya chombo, akashukuru kuwa chombo hakikumwacha. Cowper alijiona yu majini, akausikia mkono wake unachoka, akahitimu kuwa mkono ukichoka yote yamekwisha. Petro naye, katika Injili ya Mathayo, alipoanza kuzama hakuokolewa kwa sababu aliushika vizuri mkono wa Bwana wake. Alipiga kelele, akashikwa. Cowper alikuwa amekwisha kupiga kelele zile mwaka 1764. Aliyemjibu siku ile, kwa imani yake mwenyewe, si mwenye desturi ya kufungua vidole.

Yeye hakufika kuliona hilo, wala haifai kumsemea kuwa alilifikia. Jamaa yake wa upande wa mama, John Johnson, aliyemtunza mwishoni, alipojaribu kumfariji kwa habari za Mkombozi anayemngoja, mgonjwa alimsihi anyamaze. Alipoletewa kinywaji cha kumtia nguvu, alikikataa, akauliza chamfaa nini tena. Alifariki East Dereham tarehe 25 Aprili 1800, akiwa na umri wa miaka 68.

Johnson ameacha ushahidi mmoja. Aliandika kuwa baada ya roho kutoka, hadi jeneza lilipofungwa, uso wa Cowper ulikuwa umetulia, na ndani ya utulivu ule mlikuwa na kitu kama mshangao mtakatifu. Uso wa maiti hauthibitishi kitu, na mwenye shaka ana haki ya kusema kuwa aliyeuona alikuwa mtu wa kumpenda marehemu. Lakini Jumapili hii, katika kanisa fulani la pwani au la bara, watu watafungua Tenzi za Rohoni, watasimama, na kuimba juu ya chemchemi ile. Miongoni mwao hatakosekana mmoja ambaye kwa miezi hajaweza kuomba, anayetikisa midomo tu ili jirani asimshuku. Maneno anayoyatikisia midomo yalitungwa na mtu aliyeijua hali yake kuliko mhubiri aliye mimbarini.